Chupa Isiyo na Uzi

Jumanne, 14 Oktoba. Miezi kumi na mmoja tangu nitoke Kitui.

Mikono bado inanuka asetoni, ile dawa kali ya kuoshea chupa. Kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara, na sheria aliiweka Daktari Jerono mwenyewe, mtafiti wa dawa: chupa yenye uzi mwekundu shingoni haiguswi, isiyo na uzi inaoshwa. Sijawahi kukosea.

Leo asubuhi niliosha moja iliyokuwa na unga mweupe kidogo chini, kama chumvi. Kumbe ndiyo dawa yake mpya ya malaria, kazi ya miezi tisa.

"Musyoka, umeiosha?"

"Nimeiosha, Daktari. Haikuwa na uzi."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akautoa ule uzi. Tukauangalia sisi wawili. Mara mkubwa wake akaingia kuuliza kuna nini, Daktari akaurudisha uzi mfukoni haraka.

"Huyu mzee wa kuosha amemwaga kazi yangu."

Nilichukua chupa nyingine nikaanza kuiosha. Nina watoto wanaokula kwa hii kazi.

"Shukuru Mungu sikufuti kazi," mkubwa akaniambia. "Lakini likizo sahau, mpaka hiyo dawa ipatikane tena."

Jioni Daktari aliniletea chai na mandazi. Kinachoniuma ni kwamba nilikunywa, tena nikasema asante.

Nikarudi hapa chumbani kwangu Kimumu, mke wangu akapiga simu kutoka Kitui kuuliza kama likizo yangu ya kwenda nyumbani bado ni Krismasi. Nimemwambia ni Julai. Sikumwambia kwamba ni Julai kama Daktari atakumbuka kufunga uzi.