Machozi Yaliyotangulia Ukurasa

Rodi Kopany, Jumapili, Juni 1994

Mbona sikungoja tu! Ochieng' wangu, ambaye moyo bado hunidunda nikisikia baiskeli yake, alienda ufuoni Kisegi kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Tangu harusi tuliahidiana riwaya moja kila mwezi, tuisome pamoja kwa sauti. Nami nikaimaliza ya Juni peke yangu, yeye akiwa safarini.

Leo jioni alinisomea kwa ile sauti yake tamu. Bibi harusi wa kitabuni alikuwa bado anacheka, mimi nikaanza kulia.

"Nyar Kosele," akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Kosele, "unalia nini? Kwani anakufa?"

Niliitikia kwa kichwa. Akafunga kitabu polepole.

"Basi nisimulie tu."

Nilimsimulia vibaya, haraka haraka. Akanipangusa machozi, akasema si kitu.

Lakini hakuuliza, kama afanyavyo kila mwezi, Julai tutasoma kitabu kipi.