Udongo wa Rodi Nilioomba Si wa Kuanzishia Boma

Nanyuki, nyumbani kwa Meja

Mama Akinyi, mikayi wangu,

Naandika kwa sababu simu zangu hushiki. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa kwenye mtambo anayesema mteja hapatikani amenizoea kuliko wewe. Kwanza, hujambo? Goti la kushoto linasemaje na hii mvua? Na ile ng'ombe nyekundu yenye roho mbaya kama shangazi yako, imezaa au bado inanuna? Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeingia kwenye mifupa ikakaa, haina mpango wa kuondoka. Meno ni yale yale uliyoniacha nayo, hakuna lililoongezeka.

Sasa nisikilize. Odhiambo, huyu mdogo wangu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata wakati wa maombi, amenipigia kunipa habari zako. Ati unasema nimeoa. Ati naanzisha boma jipya Nanyuki, ndiyo maana niliomba udongo wa nyumbani. Ati nikija Krismasi nitakuta lango limefungwa na kuku wanalala kwenye kitanda changu. Hao kuku waambie wasizoee.

Na huyo Odhiambo ndiye aliyekutafsiria maana ya udongo, najua. Mtu ambaye boma lake mwenyewe halina choo, leo amekuwa mwalimu wa maboma.

Wewe ni Mkuria, lakini umekaa Rodi Kopany miaka mingi kuliko hao wanaojiita wenyeji. Unajua vizuri kwamba dala, yaani boma la Mjaluo, halianzishwi kwa udongo wa kwenye kopo. Linataka jogoo, linataka shoka, linataka mtoto wa kiume wa kwanza, na juu ya yote linataka mikayi, mke wa kwanza, awepo kwa miguu yake miwili. Mikayi ni wewe, na miguu yako iko huko. Mtoto wetu wa kiume yuko Suna anauza vifuniko vya simu. Sasa mimi nianzishe boma na nini? Hapa sina jogoo wala shoka. Nina gundi.

Lakini kuna mahali nakupa haki. Nilikwambia nimeitwa huku kupaka lango. Lango gani linapakwa tangu mahindi yakipandwa mpaka yakivunwa? Nilidanganya kwa sababu ya aibu. Leo naitoa aibu yote mezani, uicheke mara moja, iishe. Mume wako, fundi aliyepaka malori ya Suna miaka thelathini, anapaka magari ya kuchezea.

Si ya watoto. Afadhali yangekuwa ya watoto. Ni ya huyu Meja, mwanajeshi mstaafu, mtu mwenye kitambi cha heshima na masharubu ya kutisha mbuzi. Anaagiza kutoka ng'ambo maboksi yenye vipande vya plastiki, vingine vidogo kama fukusi wa mchele. Unavikata, unavisugua na msasa, unavibandika, unavipaka rangi, mwisho unapata kifaru cha vita ambacho kuku anaweza kukiangusha. Kisha unakiweka kwenye kabati la kioo na kukitazama. Ndiyo kazi yote hiyo. Hakibebi hata kiberiti.

Nilifika kupaka lango kweli. Nilikuwa naandika MBWA KALI kwa brashi, bila rula, wakati yeye alipotoka akasimama nyuma yangu.

"Mzee, mkono wako hautetemeki?"

"Unatetemeka nikiona chakula."

"Acha hiyo mbwa. Ingia ndani."

Mama Akinyi, niliingia kwenye chumba nikadhani ni hospitali ya vita. Kifaru hakina minyororo. Lori halina milango. Jeep ina tairi mbili. Askari wa plastiki hawana vichwa, vichwa viko kwenye kikombe. Na kando ya ukuta, maboksi mapya hayajafunguliwa, yamepangwa mpaka dirishani. Nikamuuliza, "Afande, hii vita nani alishindwa?"

Hakucheka. Akasema, "Zote zinangoja."

"Zinangoja nani?"

"Morali, mzee. Siku hizi sina morali."

Morali! Mimi nimelala chini ya malori ya samaki, maji yananidondokea usoni, natafuta kutu ya kukwangua. Hakuna siku mwenye gari alikuja akanikuta nimekaa nikamwambia sina morali. Angenikanyaga nalo. Lakini huyu mtu mzima anafungua simu asubuhi na kumsikiliza kijana fulani wa Kizungu mwenye ndevu zilizochanwa akimfundisha namna ya kutafuta morali. Safisha meza. Fanya dakika kumi na tano kila siku. Ukichoka na kifaru, fanya lori kidogo, urudi. Moyo ukilala, jinunulie boksi jipya uuamshe. Hayo mengine Meja alisahau, hilo la boksi jipya alilitii kama amri ya jemadari.

Nikamwambia dawa yangu ni fupi. Nilibeba maboksi yote nikayafungia kwenye stoo ya chakula cha kuku, ufunguo nikampa mpishi wake, Nyambura. Huyu Nyambura ni mama wa umri wangu, ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na ananidharau kutoka kisogoni mpaka kwenye soksi. Kila asubuhi akileta chai anauliza, "Wanaume, leo mmeshinda nchi gani?" Ndiye yule aliyeshika simu yangu siku ile ulipopiga. Mikono yangu ilikuwa imejaa thina ya kuyeyushia rangi. Akakwambia, "Mzee ako bize, anapaka," ukasikia sauti ya mwanamke, ukakata. Sasa hata ulikata simu ya nini? Ungemuuliza napaka nini, angenitukana vizuri kuliko wewe.

Basi, Meja alibaki na gari moja tu mezani. Nikamwambia achague, akachagua lori la jeshi la kubeba askari. Si zuri, halina hata bunduki. Akaniambia kwa nini. Alipokuwa luteni kijana walikuja mazoezi pande zetu, lori lake likazama karibu na Rodi Kopany, likakaa siku mbili. "Wamama wa soko walituletea uji," akasema, "na wakatucheka mpaka uji ukamwagika." Nikamwambia hao nawajua, pengine mmoja ni dada yangu. Tangu hapo ikawa ndiyo gari la pekee analolitaka kwa moyo.

Tukaanza. Mimi nikapiga praima, ile rangi ya chini, nikapiga kijani, nikaweka vivuli kwenye kona na kukwaruza rangi milangoni kama gari lililoona taabu. Kazi safi, hata kama ni ya kipumbavu. Kilichobaki ni kioo cha pembeni, kipande kama punje ya mtama. Akasema, "Hicho niachie mimi." Akakishika na kibano. Kikaanguka. Akakitafuta chini kwa magoti, akakishika tena, kikaanguka. Mara ya tatu akasema, "Hii gundi ni mbaya."

Niliangalia gundi, haikuwa na shida. Niliangalia mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama jani, na ule mwingine ulikuwa umeushika ili usionekane.

Ndipo nilijua zile gari nusu nusu zilikuwa zinangoja nini. Lakini sikumhurumia. Ningemhurumia angejua nimejua, na mtu kama yule angefunga chumba siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Afande, wewe umezoea kutuma watu. Kibano kinataka fundi, lete hapa." Akanitukana kijeshi, nikamtukana kisoko, tukabandika kioo.

Ikabaki matope. Ndiyo, Mama Akinyi, hawa watu hununua matope. Yako kwenye kichupa, yana bei, yametoka ng'ambo. Nilifungua nikaona rangi ya uji wa wimbi. Nikamwambia hiyo ni matope ya Wazungu, lori lako halikuzama Ulaya. Matope ya Rodi ni meusi, yakilowa yanang'aa, yakikauka yanapasuka kama kisigino changu.

"Sasa hiyo tutatoa wapi?"

"Mbele ya lango langu iko ya kujaza lori la kweli."

Alitabasamu. Masharubu yote yaliinuka. Kwa hiyo nikakupigia nikasema, nitumie udongo wa hapo langoni, kopo moja, na usiulize. Hapo kwa "usiulize" nilikosea, nakubali. Miaka arobaini na zaidi ya ndoa, hakuna kitu nilichokwambia usiulize ukaacha kuuliza.

Kopo lilifika na basi. Limefungwa kwa nailoni, limekazwa na mpira, hakuna barua. Nilimwita Meja, nikamwita Nyambura naye aone ardhi ya kwetu. Nikafungua. Mama Akinyi! Nyambura alikimbia mpaka kwenye bustani, akainama kwenye kabichi, nikadhani analia, kumbe anacheka. Udongo ulikuwa kidogo. Kilichobaki chote kilikuwa kazi ya ile ng'ombe nyekundu.

Meja akachungulia. "Mzee, hii ndiyo matope ya kwenu?"

Ningesema nini? Nimwambie mke wangu amenitumia mavi? Nikamwambia, "Afande, kwetu ndivyo tunavyoitengeneza. Hata sakafu tunapaka nayo."

Basi nikaichuja, nikaichanganya na udongo na gundi kidogo, nikachukua brashi. Akaninyang'anya. Akaweka brashi chini, akachovya kidole. Kile kidole kikatetemeka juu ya lori na matope yakaruka, tap tap tap, kwenye milango, kwenye tairi, mpaka kwenye kile kioo, vile vile gari linavyochafuka likihangaika kutoka shimoni. Mimi kwa mkono wangu uliotulia nisingeweza. Ningepaka kama keki. Alipomaliza alikaa, akatazama, akasema, "Hapo ndipo tulilala." Nikamwambia tumbo la lori umelisahau, mvivu wewe. Akacheka, akapaka na tumbo.

Ni gari la kwanza kumaliza tangu astaafu. Liko kwenye kabati, na tukifungua kabati tunasikia harufu ya zizi letu. Sasa amechukua ufunguo kwa Nyambura, anataka yale mengine yote yapite kwenye matope. Ananiamsha kabla ya chai. Morali ambayo alikuwa anaitafuta kwa simu, wewe ulimtumia kwenye kopo kwa hasira, na mimi hapa nakuchukia kwa sababu sasa sipumziki.

Lakini wewe bado hushiki simu, na barua hii najua utaisoma ukisema huyu mzee ni fundi wa kupaka hata maneno. Kwa hiyo sitaki uniamini. Njoo. Tiketi yako iko kwenye ofisi ya basi pale Oyugis, sema jina lako watakupa. Njoo siku ya Jumapili, Sabato yako isiguswe, na ukifika Nairobi binamu yangu mwenye duka la vyombo atakuvusha mpaka gari la huku. Nitakuwa stendi. Kagua chumba changu, kagua kitanda, nusu yake imelaliwa na vifaru. Mkague Nyambura, atakukagua pia, na nawaonea huruma wote wawili. Ukikuta chini ya kitanda kiatu cha mwanamke, kivae, kitakuwa kimekungoja wewe.

Nisalimie Akinyi, mwambie baba yake hajaoa, hana nguvu hiyo. Msalimie mtoto wetu wa Suna, na mkewe anayepika chapati ngumu. Msalimie dada yangu wa sokoni, umuulize kama anakumbuka luteni aliyezama. Mzee wa kanisa mpe mkono, usimpe barua. Na Odhiambo mwambie nampenda, lakini ukimkuta amekaa kwenye kiti changu, mwondoe.

Kama umeshakagua na bado una hasira, haidhuru. Meza ni ndefu, brashi ziko, na kuna tairi ishirini na mbili hazijapakwa. Unaweza kukasirika ukiwa umekaa karibu yangu.

Ni mimi mume wako, mwenye boma moja na lango moja, ambalo nakuomba usilifunge,

Baba Akinyi