Jina Langu kwenye Dari la Kibaraza Chako

Gongoni,
Tabora.
11 Mei 2025

Mpendwa kaka Sabiri,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wifi yangu Tatu na mwanangu Saidi, wajina wa marehemu baba. Nasikia joto la huko limeshaanza kuwafungia watu ndani. Mungu awalinde.

Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ikifika adhuhuri inamwachia. Ile dawa ya kuchua uliyomtumia inamfaa, ila anasema inanuka kama betri. Mvua zimekatika, vumbi limerudi barabarani, na kila jioni mama anamwagia maji mbele ya nyumba kana kwamba vumbi litamsikia.

Utashangaa kupata karatasi kwa mkono wa jirani badala ya ujumbe wa simu. Nimeamua hivyo kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mtandao wako unakuwa mbaya. Mara tatu sasa. Karatasi haikatiki, kaka, na mimi nina hasira. Nakwambia mapema ili usije ukadhani umeikuta njiani.

Nianze na kazi. Karakana yetu ya Kanyenye bado ipo, mimi na Paskazia, yule binti wa Nzega niliyesoma naye chuo cha ufundi. Bado wateja wanaingia, wanatuangalia sisi wawili, halafu wanauliza fundi yuko wapi. Paskazia hujibu, "Fundi huyu hapa, subiri kidogo amalize kunyonyesha," naye kweli ana mtoto ziwani na randa mezani. Wengine hucheka wakatoa oda. Wengine huondoka. Kwa miaka sita tumekula kwa wale wanaocheka.

Sasa nifike kwenye mbao.

Unakumbuka siku baba alipozileta. Usiniambie hukumbuki, maana ulikuwepo, umekaa kwenye kizingiti unakula muwa. Ulikuwa mwaka 2011. Alinunua gogo moja la mninga, kibali kikiwa mkononi, likapasuliwa mbao kumi na nne zenye upana ambao watu walikuja kuutazama. Akazipanga uani chini ya paa, juu ya matofali, papi, vile vipande vyembamba vya mti, katikati ya kila ubao na mwenzake ili upepo upite, na ncha zake akazipaka rangi ya mafuta zisipasuke. Kisha akatoa ile patasi ya babu, iliyokuja Tabora na misafara kutoka pwani ndani ya kikapu cha fundi, akachonga jina langu kwenye uso wa kila ubao. Najiati, mara kumi na nne. Mbele ya mama na mbele yako alisema: hizi ni za Najiati, na siku akipata kazi inayozistahili atajua mwenyewe.

Baba alipofariki tukagawana urithi. Wewe mafungu mawili, mimi moja. Sikufungua kinywa, ndiyo sheria yetu na naikubali. Lakini zile mbao hazikuwa urithi, kaka. Ilikuwa hiba. Alinipa akiwa hai na akili zake timamu.

Nikazitunza miaka kumi na mitatu. Nilizigeuza, nilizipangusa mchwa, nilibadilisha bati lililovuja. Walikuja watu wa kununua, nikakataa hata tulipokuwa tunalalia uji. Ukizitazama kwa juu zilikuwa za kijivu na vumbi, zina vinyesi vya kuku. Ukipitisha randa mara moja tu, rangi inatoka nyekundu mpaka unaiweka randa chini uitazame.

Kazi iliyozistahili ilikuja mwaka jana, mwezi wa tisa. Kamati ya msikiti wetu ilitaka mimbari mpya kabla ya Ramadhani. Niliomba. Walibishana kwa Ijumaa nne. Baadhi walisema haijapata kuonekana mwanamke kutengeneza mimbari. Mwenyekiti, yule rafiki wa baba ambaye wewe humpigia simu kila Idi, ndiye aliyekata shauri. Alikuja uani kwetu, akainama, akapitisha kiganja juu ya ubao mpaka kwenye jina, akasema, "Saidi alijua anachokifanya. Mwacheni binti atengeneze." Kaka, nililia nyuma ya choo kama mtoto. Tangu nishike msumeno hakuna mtu wa mji huu aliyekuwa amesema hivyo mbele ya wanaume wenzake.

Mwezi wa kumi na moja mimi na Paskazia tukaenda Nzega siku sita kufunga mabenchi ya kanisa la kwao. Tuliporudi tungeanza mimbari.

Niliporudi uani nilikuta papi. Papi tu, kaka, zimelala juu ya matofali kwa mpangilio wake, kila moja mahali pake, na katikati hakuna kitu. Nilisimama na mkoba begani. Mama akatoka jikoni na furaha zake, akaniambia mafundi wako walikuja, amewafungulia mlango wa uani na kuwachemshia uji, maana Sabiri anamwaga zege la dari la kibaraza na mvua zinakaribia.

Nilikwenda kwenye kiwanja chako, pale unapojenga nyumba, kwa miguu. Sikukumbuka hata kusimamisha bajaji. Luhende, msimamizi wako, alinisikilizisha sauti yako kwenye simu yake. Naikumbuka neno kwa neno. "Uani kwa mzee kuna mbao kuukuu zimekaa bure, chukua hizo, usinunue nyingine."

Kuukuu. Zimekaa bure.

Walikuwa wamezikata kwa vipimo vya dari la kibaraza zibebe zege mpaka likauke, wamezipigilia misumari ya inchi nne, wamezipaka oili chafu ya gari zege lisizigandie, na juu yake wamemwaga zege siku mbili kabla sijafika. Nilimwambia Luhende avue, avue sasa hivi. Yule baba si mtu mbaya. Alishika kofia yake mkononi, akaniita mama kwa Kinyamwezi, akaniambia, "Mayo, nikitoa leo linaanguka lote, na litaanguka na mtu. Siku ishirini na moja, mayo." Jina ameliona, lakini alidhani ni alama ya mwenye duka la mbao.

Basi nikangoja siku ishirini na moja. Na unajua zege linavyotunzwa: linamwagiwa maji asubuhi na jioni. Kila jioni nilipita, nikawakuta vijana wako wana ndoo, na maji yanachuruzika kwenye mbao ambazo baba alizijengea paa zisiguswe na umande.

Zilipovuliwa zilikuwa zimepasuka na kunywa oili. Ubao uliokunywa oili haushiki gundi wala vanishi. Nilichukua kipande kimoja nikajaribu kukisafisha, mchanga wa saruji ukala makali ya randa yangu. Vingine vilifanywa jukwaa la kusimamia mafundi. Kimoja nilikikuta kwa mama ntilie wa pale kiwanjani, kinachemsha maharage. Nikanunua sahani moja ya maharage yale nikala. Sijui kwa nini nilikula.

Nilikupigia siku ile ile. Ukacheka. Ukasema mbao ni mbao, nitakununulia nyingine.

Nyingine zipi, kaka? Nilizunguka mpaka Sikonge. Mninga unaopatikana sasa ni mwembamba kama mkono wangu, na ni mbichi. Ningeweza kutengeneza mimbari ya mbao mbichi, ikapendeza Ramadhani, na ifikapo mfungo mosi ikapinda na kuachia viungo mbele ya umma. Nilikataa. Nilikwenda kwa kamati nikasema sitaweza.

Wakauliza mbao za Saidi zimekwenda wapi.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Usiku wa kuamkia siku ile mama alinishika mikono yote miwili. Alisema nisimvue nguo kaka yangu mbele ya watu, kwamba ndugu wakigombana wewe chukua jembe ukalime, kwamba aliyewafungulia mlango ni yeye na aibu ingekuwa yake pia. Mama ana miaka sabini na miwili. Nikakubali. Mbele ya kamati niliinamisha kichwa nikasema nimeshindwa.

Basi wakaamini. Waliosema mwanamke hataweza wakapata kisa cha kusimulia, na wanakisimulia mpaka leo, kwenye kahawa na kwenye harusi. Wengine wanasema niliziuza nikala. Mwenyekiti hajanitukana. Ananipita tu, anaitikia salamu kwa mdomo wa mbele. Oda mbili za samani za vyumba vya harusi zilirudishwa mwezi ule ule. Paskazia anatembeza meza kwenye baiskeli kama muuza mikate. Na mimbari? Waliagiza Dar es Salaam, ya zile mbao za kubandika, imepakwa rangi ya dhahabu. Ramadhani nzima nilikaa upande wa wanawake nikiisikia inalia kila khatibu akipanda. Mola anisamehe, kila ilipolia nilifurahi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ningekuwa nimeibiwa na mwizi ningekwenda kituoni nikaandikisha. Wewe nikuandikishe wapi?

Halafu mwezi uliopita ukanitumia sauti nikutengenezee milango minane, kwa moyo wa kindugu, na ya mninga kama ya zamani. Nimeisikiliza mara nyingi, nikitafuta kama umefanya mzaha. Sitaitengeneza, kaka. Nimesema hivyo hata mama akiwepo.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Jumanne iliyopita Luhende alirudi kazini, mvua zikiwa zimekwisha, apige plasta. Akanipigia simu akasema, "Mayo, njoo utazame kitu." Nilikwenda na Paskazia. Akatuonyesha juu, kwenye dari la kibaraza chako.

Zege limechukua kila kitu cha zile mbao. Mistari yote ya mti imebaki pale, na vifundo vyake. Na karibu na mlango wa mbele, pale ambapo ubao mmoja haukukatwa ncha, lipo jina. Baba alichonga kuingia ndani, zege limetoka nje, herufi zimetuna kama kovu. Limegeuka, linasomeka kinyume kama muhuri. Paskazia alitoa kioo chake cha kujipodolea, akakiinua, na humo ndani likanyooka: Najiati. Ni mwandiko wa baba, na ile jei yake yenye mkia mrefu.

Nilikuwa nimelia vya kutosha mwezi wa kumi na moja, safari hii sikulia. Nilikasirika upya. Kumi na nne alinipa, na lililobaki liko juu ya mlango wako.

Luhende ameshika mwiko, anauliza apake plasta au aache. Nimemwambia nyumba si yangu, angoje mpaka Idi ya kuchinja, mwenye nyumba aseme.

Sitaki mbao, wala sitaki ununue kitu. Nataka siku ya Idi, utakapompigia mwenyekiti kumpa mkono wa sikukuu kama kawaida yako, umwambie kwa kinywa chako kwamba mbao za Saidi ulizichukua wewe bila kuniuliza, na kwamba mimi sikuuza wala sikushindwa. Mama nimeshamwambia ninayoandika hapa. Amelia, lakini hakunikataza.

Na kama utaona hilo ni zito kwako, basi mwambie Luhende asipake plasta. Mwenyekiti ana macho, atakuja kwenye dua ya nyumba yako na atakaa kibarazani kama wageni wote. Na Saidi mdogo ameshajua kusoma, siku moja ataomba kioo.

Nisalimie sana wifi Tatu, mwambie kitenge kilinifika na kimenikaa vizuri. Mpigie busu Saidi, mwambie shangazi yake amemchongea kigari na magurudumu yanazunguka. Mama anakusalimu na kukuombea riziki njema. Paskazia anakusalimu pia, ingawa aliniambia nisiandike alivyosema. Mungu akuweke, akurudishe nyumbani salama, na akupe ulimi wa kusema unapotakiwa kusema.

Usinijibu kwa barua, kaka. Idi ikipita nitakwenda kiwanjani kwako, nitasimama kibarazani na nitatazama juu.

Mdogo wako wa tumbo moja, anayekupenda hata leo na inamuuma,

Najiati binti Saidi
Seremala