Kadi Isiyo na Bahasha

Winson Green, Birmingham
Novemba 1974

Dada yangu Zaituni,

Shikamoo dada. Ukitaka kujua hali yangu, mwili mzima, ila vidole vimeshaanza kufa ganzi kwa baridi na moyo unaniwaka. Wewe je, goti limepoa? Shemeji bado anakohoa? Niandikie yote, usinifiche.

Uliniambia nimwache Hamisi, eti ni mtoto wa baba mdogo, yaliyopita yamepita. Dada, sikukusikia. Soma hadi mwisho kisha unilaumu.

Bosi wetu wa hapa Hockley, kwenye kiwanda cha vifungo, amenunua mashine Japani, akatupeleka kule mafundi wawili tukajifunze kuiendesha. Mimi na nani? Hamisi! Chumba kimoja, meza moja, wiki mbili nzima. Mtu aliyemwandikia Mama kwamba nimeoa Mzungu na dini nimeacha, akatia na picha yangu nimempakata mjukuu wa mama mwenye nyumba, akasema ndiye mwanangu. Kisha akaja huko likizo akamuoa Rehema, mchumba wangu mimi. Mama akafa hataki hata kutajiwa jina langu. Leo nimsogezee kiti, nimwambie karibu ndugu yangu? Thubutu!

Jumapili mwenyeji wetu, mzee mmoja mpole wa kiwanda cha kule, alitupeleka kutembea njia ya zamani ya milimani. Anasema zamani ndiyo iliyokuwa njia kuu, mabwana wakubwa walipita na farasi wao. Imetandazwa mawe, inapanda na kupanda katikati ya miti mirefu. Ni majira ya majani kuanguka, mlima mzima mwekundu, na kwenye nyumba za njiani wameanika matunda ya rangi ya chungwa kwa kamba. Pazuri, dada, siwezi kusema uongo. Na kila baada ya mwendo pana kengele ya shaba kwenye nguzo. Mpita njia anaipiga ili dubu wasikie wajitenge.

Hamisi kusikia neno dubu, basi! Kila kengele aliigonga mpaka mzee akacheka. Na alikuwa amevaa viatu vipya vya ncha, vile anavyotambia mtaani anakokaa, Stechford. Kufika nusu ya mlima visigino vinatoka damu. Nikaongeza mwendo makusudi. "Omari, ningoje! Wallahi ningoje!" Sikugeuka. Mimi nilingoja jibu la Mama miaka miwili, nani alinihurumia?

Juu kabisa pana kibanda cha chai. Alifika anachechemea, akaketi chini akalia. "Omari, nisamehe kabla sijafia ugenini."

"Nikusamehe nini?"

"Si unajua."

"Najua. Liseme kwa mdomo wako."

Akalisema lote, la picha, la dini, la Rehema. Mzee wa watu anatutazama tu, Kiswahili hajui, akammiminia chai.

Palikuwa na kadi za picha za njia ile. Nikanunua moja nikampa kalamu. "Andika hayo hayo, mwandikie Dada Zaituni. Weka na sahihi." Akaandika, akidhani nitaifunga kwenye bahasha. Kumbe amesahau kwao! Amesahau kwamba barua zetu zinapitia sanduku la duka la Mzee Bakari, na kadi ya wazi Mzee Bakari huwasomea watu wote barazani kabla mwenyewe hajaitwa.

Alikumbuka tuliporudi. Akaja mbio kwa treni kutoka Stechford, hata koti hakufunga. "Omari, tia bahasha. Rehema ananunua sukari duka lile lile. Nina watoto!"

"Na Mama hakuwa na mtoto?"

Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta la kona mbele ya macho yake, nikasikia ilivyoanguka. Siku ile nilikula nikashiba, dada, mara ya kwanza tangu msiba.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa upande wa msikitini, na wanao wote, mmoja mmoja. Mzee Bakari mwambie asome polepole, mwandiko wa Hamisi mbaya. Rehema usimpe salamu zangu, lakini usimsimange, naye alidanganywa.

Hamisi sijamsamehe, na usiniombee hilo tena. Ila nina ombi moja. Wakishasikia wote pale dukani, ichukue hiyo kadi uende nayo makaburini, umsomee Mama. Yote, mpaka kwenye sahihi. Kisha mwambie, kama bado ana radhi ya kutoa, aanze na mimi.

Mdogo wako,
Omari