Hodi Nyumbani kwa Saynab

Jumatano, 8 Januari 2025

Tumemzika jirani yangu Muse. Taazia haijaisha, na kaka zake wanabishana nani achukue vyumba vya mbele. Mjane wake, Fadumo, yuko jikoni anawapikia chai. Nami nimeinywa.

Nimejifikiria. Mke mmoja, Saynab. Binti mmoja, Samsam. Mtoto wa kiume sina — basi nikifa, ndugu yangu Bare anaingia kwenye urithi wa nyumba hii kwa haki kabisa ya sheria. Bare! Aliyeuza ngamia wa marehemu baba akanunua gari lisilo na injini. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu yeye hakisomi.

Alhamisi, 9 Januari

Nimemwambia Saynab nataka kuandika wasia. Akauliza daktari kasema nini. Nikasema hakuna daktari. Hakuamini. Akampigia simu dada yake aliyeko Elwak, na alasiri sebule ikajaa wazee wananisomea Yasini. Mimi nimekaa katikati, mzima wa afya, nakula mbuzi wangu mwenyewe aliyechinjwa niombewe shifaa. Kesho watakuja wa Balambala. Kwa mwendo huu sitaacha hata kwato.

Jumamosi, 11 Januari

Bare kafika kutoka Hulugho. Alianza kulia getini. Alipochoka kulia akagongagonga kuta, akatazama juu, akasema mabati haya tutayabadilisha. Tutayabadilisha nani na nani?

Halafu akamwuliza Saynab kama anaipenda Hulugho. Kwetu mjane huweza kuolewa na ndugu ya marehemu. Ni desturi ya heshima, siikatai, lakini inataka kwanza marehemu afe. Saynab kajibu kwamba Hulugho kuna vumbi. Vumbi tu! Hakusema kwamba mume wake amekaa hapa, anatafuna.

Jumatatu, 13 Januari

Kwa Sheikh Maow. Kasema wasia hautanisaidia, mrithi haandikiwi wasia. Ila ipo hiba: nimpe Saynab nyumba sasa, nikiwa hai, mbele ya mashahidi. Nimefurahi. Nikasema basi nimempa, na nyumbani hakuna kitakachobadilika.

Sheikh alicheka mpaka akakohoa. Hiyo si zawadi, kasema, hayo ni maneno. Lazima aipokee. Nitoe vitu vyangu nje, nimkabidhi funguo, nitoke. Kisha mwenye nyumba, akipenda, atanikaribisha.

— Akipenda?

— Akipenda, mzee Nunow.

Jumanne, 14 Januari

Nimemweleza Saynab kwamba ni utaratibu tu. Siku hizi ananisikiliza mno, sipendi. Aliuliza jambo moja: kile kiti cha ofisi nilichopewa nilipostaafu ukaguzi wa nyama, kinachoziba mlango wa sebule, nacho kitatoka? Nikasema vitu vyangu vyote vitatoka. Akatabasamu.

Samsam kaniuliza, aabo, baba yangu, unaogopa? Nikamwambia mkaguzi wa serikali haogopi. Uongo. Naogopa sana. Nyumba hii nimeijenga tofali kwa tofali, nikinywa chai kavu. Lakini nikimkumbuka Fadumo pale jikoni, naona heri niogope mimi leo kuliko Saynab aogope kesho.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya swala. Naandika nje ya geti langu — geti la Saynab — nimekalia kile kiti, masanduku yangu yamenizunguka. Funguo nimekabidhi, Sheikh na mashahidi wameona. Bare ameona pia. Uso ulimkauka, akauliza gari la Hulugho linaondoka saa ngapi. Alhamdulillahi. Hilo limekwisha.

Sheikh akaniambia nibishe hodi. Nikabisha. Saynab akauliza kutoka ndani, nani? Nikasema mimi Nunow, fungua mlango wangu. Sheikh akakohoa. Nikasahihisha: mlango wako. Saynab akasema subiri, anafikiria.

Mashahidi wamekaribishwa wakala. Sheikh kakaribishwa. Hata Bare kakaribishwa, eti msafiri haachwi na njaa! Harufu ya pilau inanifikia hapa vizuri kabisa. Samsam kaniletea chai na masharti ya mama yake: mbuzi wasilale tena barazani, wazee wa shifaa wasialikwe bila yeye kujua, kiti kisirudi. Nimekubali yote isipokuwa kiti. Mtu lazima abaki na kitu.

Baadaye kidogo. Fadumo katoka nyumba ya marehemu Muse na mafurushi mawili. Eda yake ndiyo kwanza imeanza, na shemeji zake wametia kufuli jipya. Wamemwambia apumzike kwao Dadaab. Alisimama pale juani, hajui aelekee wapi, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza kama nami nimefukuzwa. Nimeinuka nimempa kiti. Nimeona haya kwa ile chai niliyoinywa.

Nimebisha tena. Saynab: nani?

Nikasema, mimi na Fadumo. Hatuna pa kwenda. Na kiti nimeshakitoa.

Sasa nasikia funguo, lakini sijui anamfungulia nani.