Jina Tuliloliacha Tulipokuzika, Murugi

Mwaka mmoja umekatika, dada Murugi, tangu ulipotutoka Jumanne ile asubuhi, ukiwa umeniagiza ndizi za soko la Kagio. Nilizinunua. Nilipozifikisha wodini, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Binti yako Shiro amesema tangazo hili niliandike mimi, Dedan, kwa kuwa la mwaka jana ndimi niliyeliharibu.

Ulifanya kazi katika maabara ya Nyeri miaka kumi na tisa. Majirani wa Karatina walidhani unapima malaria tu, kumbe ulikuwa na ile mashine ya vinasaba, na hukuchoka kutueleza habari zake tukiwa mezani. Vipande vya DNA hubandikwa rangi, umeme ukavivuta ndani ya mrija mwembamba kama unywele, vifupi vikitangulia, virefu vikifuata. Mwishoni pana kidirisha. Hapo leza huvimulika kimoja kimoja, rangi ikawaka, na kompyuta ikachora kilele. "Kazi yote ni hiyo," ulikuwa ukisema. "Kungoja iwake." Mama naye alikukumbusha kuwa chakula kinapoa.

Kila kitu ulikihesabu mara mbili. Ziwe chupa za sampuli, watoto wa shule ya Jumapili au sahani za wageni, ukimaliza uliuliza, "Hakuna aliyebaki?" kisha ukaanza upya. Ulitukera sana kwa hilo.

Halafu akaja Abdilatif kutoka Nanyuki, miezi miwili baada ya kumzika baba. Ni mchuuzi wa mbuzi, mtu mpole. Alisema mama yake alimwambia kabla ya kufa kwamba baba yake ni Wamae, baba yetu, yule aliyekuwa akienda Doldol kununua mifugo. Hakuomba shamba, aliomba kujua tu. Mimi masikio yangu yalisikia shamba.

Nilikubali kupimwa kwa sababu mwenye mashine alikuwa dada yangu. Nilikufuata jikoni nikakwambia, "Si useme tu ati imeharibika?"

Ulinitazama sana. "Dedan, hiyo mashine haijui mambo ya shamba. Inaona mwanga tu."

Ukakataa hata kuigusa. Ulimpa mwenzako Griffins vijiti vyetu viwili vya mate, vyenye nambari bila majina, ukaja kukaa nje kwenye benchi pamoja nasi.

Kijiti changu hakikuwaka. Nilikuwa nimekigusisha mdomo tu badala ya kukisugua ndani ya shavu, nikajiona mjanja. Griffins alitoka akasema, "Hii namba mbili iko na vilele vidogo sana, hatuwezi soma." Ulijua nilichofanya, lakini hukuniaibisha mbele yake. Ulinipa kijiti kingine, ukaninong'oneza, "Sasa sugua kama mtu mzima."

Mara ya pili vilele vyangu na vya Abdilatif vililingana, kila kimoja mahali pake. Tuliporudi nyumbani ulitueleza bila kupamba kwamba kipimo kile hufuata ukoo wa kiume, hakitaji jina la baba. Lakini babu alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, naye ni baba. Mama aliinuka akaenda kuchemsha chai. Sebuleni tulikuwa watano, Mama, wewe, mimi, Shiro na Abdilatif, na Mama alileta vikombe vitano.

Mimi changu sikukinywa.

Basi ulipofariki, tangazo la mazishi niliandika mimi, na kwenye orodha ya ndugu nikaweka jina langu peke yake. Wewe hukuwepo kuuliza nani amebaki. Abdilatif aliketi nyuma ya hema pamoja na majirani, akasikia majina yakisomwa mpaka mwisho, akainamisha kichwa. Wakati wa kufukia kaburi ulipofika, alichukua sepetu. Wengine walipokezana, yeye hakuiachilia. Nilikuwa upande wa pili wa kaburi nikamwona anavyoishika, mkono wa kushoto ukiwa mbele, vilevile alivyoishika baba. Nililia kwa sauti, na watu wakadhani ni msiba peke yake.

Nisamehe, dada. Yeye nimeshamwomba radhi, nyumbani kwake Nanyuki. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Mkewe Ramla alikuwa amepakua, naye Abdilatif akanikatiza: "Dedan, kula kwanza, chakula inapoa." Nikala, na chai nikanywa vikombe viwili.

Unakumbukwa na mama yako Watiri, binti yako Shiro, mwenzako wa kazi Griffins, wifi yako Ramla, na ndugu zako wawili, Dedan Wamae na Abdilatif Wamae.

Umo mioyoni mwetu siku zote, Murugi. Majina tumeyahesabu mara mbili. Hakuna aliyebaki.