Nyumba Yetu ya Siterne

Jumamosi, siku ya posho, Nyantende

Ameingia! Mama mukwe wangu, mwenye aliapa hatakanyaga nyumba yetu, leo ameingia kwa miguu yake mwenyewe.

Tangu matope ya mulima ilibeba nyumba yetu ya Kadutu, bwana yangu Déo alishikwa na wazo moja tu. Aliona kwenye simu nyumba ndogo yenye Wazungu walitengeneza na kichwa cha mashini ya upepo iliyozeeka, ile ya kutoa umeme. Sisi mashini ya upepo hatuna. Lakini kazi yake ni soudure, kuunga vyuma na moto, akapata siterne, tangi kubwa ya lori ya maji iliyokufa. Akakata mulango na madirisha mbili, akapanga mbao chini. Majirani walicheka. Mama yake akasema: "Déo, mutu analala mu bidon ya maji?"

Leo alituletea maharagi, akakaa inje. Mvua ikaanguka, ile ya kutisha. Nilimuona anaangalia mulima. Hata mimi nilikuwa nauangalia. Kila mvua inanirudisha Kadutu.

"Maman, ingia," nikamuambia. "Déo alifunga hii nyumba na vyuma mu jiwe. Haiendi popote."

Akainama, akaingia. Akapiga ukuta na ngumi mara tatu. Kisha akavua viatu, akalala kwenye kitanda chetu, na usingizi ukamubeba kabla ya mvua kuisha.

Sasa ameamuka. Anamuuliza Déo kama siterne ingine iko.

"Na uiwekee dirisha kubwa," anasema. "Mimi sipendi giza."